Siku Mama Pasi Alipotoa Kingi

Mama Pasi alikuwa mpiga pasi, na hakuna kola iliyowahi kumshinda. Meza yake ilikuwa barazani, katikati ya fundi viatu na kibanda cha kinyozi. Pasi yake ya mkaa ilikuwa nzito mpaka mkono wake wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto. Mwanamke wa kazi huyo. Ila na drafti aliijua, asikudanganye mtu.

Mbele ya kibanda cha kinyozi palikuwa na benchi na ubao, kete zake vizibo vya soda. Miaka sita Mama Pasi aliutazama ubao ule huku akikunja mashati, na wanaume wakikosea, anaguna. Siku moja kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mdomo Wembe, akamwambia, "Mama, kuguna hakusogezi kete. Njoo ukae."

Akakaa, akashindwa. Akakaa tena, akashindwa tena. Mara kumi na tisa! Na ajabu ni kwamba kila mara yeye ndiye aliyeongoza, yeye ndiye aliyetangulia kupata kingi, ile kete iliyovuka ubao mzima ikapewa nguvu, halafu ghafla mchezo wote unamvujia kama maji kwenye pakacha.

Mara ya kumi na tisa Mdomo Wembe akasema mbele ya watu, "Kesho ndiyo mwisho. Ukishindwa, mama, hukai tena hapa. Benchi si kitanda cha wagonjwa."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Pasi akajibu, "Sawa." Na yeye akishasema sawa, hata umfunge kamba umvute, harudi nyuma.

Jioni, wakipanga nguo za wateja, dada yake mkubwa, aliyekuwa akishona vifungo kwenye meza hiyohiyo, akamuuliza, "We, ukishapata kingi unaifanyaje?"

"Naiweka pembeni, isiliwe."

"Basi ndipo unapokufia hapo. Ukiwa nyuma unacheza kama simba. Ukiwa mbele unacheza kama mtu aliyeiba, unatafuta pa kuficha."

"Mkono unatetemeka, dada. Nikiona nakaribia kushinda, unatetemeka wenyewe."

"Lile gauni la hariri la bibi harusi, siku ulipoletewa, mkono haukutetemeka?"

"Ulitetemeka."

"Uliacha kulipiga pasi?"

Mama Pasi alikasirika akakunja shati moja mara tatu, maana ukweli wa dada mkubwa ni mchungu kama shubiri, na huwezi kuutema mbele yake.

Kesho yake mchana watu walijaa mpaka wateja wa kunyoa wakakosa njia. Mmoja alisimama na nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado. Mchezo ukaanza. Kama kawaida Mama Pasi akatangulia, akapata kingi, na kama kawaida vidole vikaanza kucheza ngoma yao.

"Jamani, tetemeko la ardhi hilo!" Mdomo Wembe akasema. "Mama, shika benchi usianguke."

Kicheko kikapasuka. Siku nyingine angekurupuka, akaikimbiza kingi pembeni. Safari hii akautazama mkono wake, akauacha.

"Utetemeke tu, baba," akasema. "Kete si inasogea?"

Akarudisha macho ubaoni. Hakutazama watu, hakufikiria benchi wala aibu. Alitazama vile viboksi vilivyokuwa mbele yake, kimoja kimoja, kama anavyotazama kitambaa kilicho chini ya pasi. Mdomo Wembe alibaki na kete tatu. Mama Pasi akaishika kingi yake, akaisukuma katikati, mdomoni mwa kete ya kinyozi.

Fundi viatu akashika kichwa. "Mama Pasi, umekosea! Rudisha!"

"Sijakosea."

Mdomo Wembe akacheka, akanyoosha mkono ale, kisha mkono ukaganda hewani. Aliona. Kete yake ikishakula, itatua palepale ambapo zote tatu zitakuwa njiani mwa kete moja ya Mama Pasi.

"Kula," akasema Mama Pasi.

"Nitakula nikitaka."

"Thubutu! Kwenye drafti kula ni lazima, uwe umeshiba usiwe umeshiba. Miaka sita unatulisha kwa nguvu, leo wewe ndiye unafunga?"

Mwenye nusu kichwa akapiga kelele, "Ale! Ale!" na wote wakadakia. Kinyozi akaila kingi kama anayemeza kidonge bila maji. Mama Pasi akainua kizibo chake: ta, ta, ta. Ubao ukabaki mweupe upande wa kinyozi.

Dada mtu alipiga kigelegele, kopo la vifungo likamwagika barazani, na wazee wazima wakawa wanacheza juu ya vifungo.

"Bahati tu hiyo," Mdomo Wembe akanong'ona.

"Basi panga tena, tuipime hiyo bahati."

Wakapanga. Akampiga tena, na mara hii mkono ulitetemeka mwanzo mpaka mwisho. Akampiga fundi viatu. Akampiga na yule mwenye nusu kichwa, ambaye hakuwa na haraka tena ya kumaliziwa nywele. Mdomo Wembe alisimama nyuma yao, wembe mkononi.

Akaja mteja anahema. "Mama Pasi, shati langu tayari?"

"Liko mezani, baba, chukua mwenyewe," akasema bila kugeuza shingo, huku akipanga vizibo upya. "Haya, nani anafuata?"