Feni Isiyosikika

Basi bwana, huyu Mchoraji hakuwa mchoraji wa picha za kutundika ukutani. Alichora nyumba ambazo hazijajengwa. Makandarasi walimletea ramani, naye akazigeuza kwenye kompyuta kuwa picha za nyumba kamili, zenye madirisha, vivuli, hata gari limeegeshwa mlangoni, ili mwenye kiwanja ajue anachojengewa. Aliwachorea watu sebule za kukimbizia farasi, na yeye mwenyewe aliishi kwenye vyumba viwili na baba yake, jiko na bomba vikiwa uani.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu. Akafanya wanachofanya wote wenye kazi nyingi na mfuko mwembamba: aliingia kwenye mipangilio akailazimisha prosesa, ule ubongo wa mashine, ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Picha iliyokuwa ikichukua saa sita kuiva ikawa inaiva kwa saa nne. Lakini kitu ukikikimbiza hivyo kinachemka, na feni iliyokuja na prosesa ile ilikuwa kidude kidogo tu, kinaenea kiganjani. Ikawa inazunguka kama imekoswa na gari. Kelele yake, we acha tu! Ilipenya ukuta ikaingia chumba cha pili, na chumba cha pili ndimo alimolala Mzee.

Mzee alikuwa mtu wa mashine ya kusaga. Miaka thelathini na moja alisaga nafaka za watu, mpaka macho yakamwishia kwa presha ya macho. Masikio yakabaki makali kama wembe. Alimjua mtu kwa ndala zake, na aliijua beringi iliyoanza kulika kabla haijaanza kupiga kelele.

"We kijana!" alikuwa akipaza sauti. Kijana mwenyewe ana miaka thelathini na minane. "Hilo lidude lako litanitoboa kichwa!"

"Ndilo linalotulisha, baba."

"Basi liambie litulishe kwa adabu!"

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, asubuhi hayo, jioni hayo. Na kulikuwa na sheria moja ya nyumba, ambayo Mzee alitoka nayo kule kwenye kusaga: mashine haiachwi ikinguruma bila mtu. Ukitoka, zima. Mchoraji alikuwa anaicheka sheria hiyo, lakini aliifuata tangu utotoni. Hata akienda dukani kununua kiberiti, alizima. Kwa hiyo Mzee alijua mambo yote kwa sikio. Lidude likinguruma, mwanawe yupo. Aligonga ukuta kwa fimbo mara tatu, na Mchoraji akaja kumshika mkono kumpeleka uani. Lidude likinyamaza, mwanawe katoka. Mzee hakuharibu sauti yake kuita nyumba tupu. Alisubiri, na akishindwa kusubiri alipapasa ukuta akaenda mwenyewe.

Sasa, mwezi ule Mzee akaanza kizunguzungu. Zahanati wakampima, presha ya damu iko juu vibaya. Daktari akamvuta Mchoraji pembeni.

"Mzee halali. Analalamika kelele za mashine gani huko nyumbani? Kama hapati usingizi wa kutosha, dawa peke yake hazitamsaidia. Utampoteza, kaka."

Utampoteza. Neno hilo lilimfuata Mchoraji njia nzima, huku amemshika Mzee mkono, Mzee akimlaumu kwamba anatembea kama anayefukuzwa. Mama alishakwenda zamani. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na huyu mzee mwenye maneno, basi.

Angeweza kuirudisha prosesa kwenye mwendo wake wa zamani, inyamaze. Lakini kandarasi alikuwa anadai picha kumi na mbili kabla ya mwisho wa mwezi, na dawa za Mzee zilitoka kwenye picha hizo. Kilichobaki ni kutafuta kipoza joto kingine: kiwe kimya, kiweze prosesa iliyokimbizwa, na kisimkaushe mfukoni. Alikitafuta kwa udi na uvumba. Alisoma maneno ya watu mtandaoni, huyu anasifu, yule anaponda, mpaka kichwa kikamuuma. Akalifungua kasha la kompyuta, akaingiza rula ndani: sentimita kumi na tano na nusu kutoka kwenye prosesa hadi ubavuni, si zaidi. Akaandika kwenye kiganja, akazima kompyuta, akamuaga Mzee, akaenda duka la vifaa vya kompyuta.

Muuza vifaa walimwita Profesa kwa sababu hakuna swali alilolijibu kwa ufupi. Kwanza alimwonyesha kipoza cha maji.

"Hiki kinapoza hata jehanamu."

"Kina kelele?"

"Pampu inaguna kidogo. Na siku ikivuja, bwana, usinijue."

Bei yake ilimfanya Mchoraji akirudishe mezani kwa mikono miwili. Cha pili kilikuwa mnara wa chuma wenye feni mbili, kizuri, lakini alipokipima kilizidi sentimita nzima. Kasha lisingefungika. Akaanza kukata tamaa. Ndipo Profesa akainama chini ya meza akaibuka na mnara mmoja uliotumika, hauna boksi, mabomba yake manne ya shaba yamefifia rangi, na feni moja pana kama sahani.

"Sikiliza. Feni ndogo lazima ikimbie ndipo ipate kusukuma hewa ya maana. Hii pana inajizungukia taratibu, na hewa ni ileile. Imetumika mwaka mmoja. Skrubu zake zote zipo."

Akaichomeka umeme, akamsogezea Mchoraji sikioni.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Hicho ndicho unachonunua."

Alirudi nyumbani anatembea juu juu. Mzee alikuwa amekula mchana na kujilaza. Mchoraji akaifungua mashine polepole asimwamshe. Aling'oa kile kifeni, akafuta dawa ya zamani ya kupitishia joto, iliyokauka kama gundi, akatia mpya, ile inayofanana na dawa ya meno, kiasi cha punje ya njegere. Akakikalisha kipoza, akakaza skrubu kwa mshazari, hii kidogo, ile kidogo. Akawasha. Akaanzisha picha ya nyumba ya ghorofa, kazi nzito kuliko zote, akakodolea macho namba za joto. Zamani zilikuwa zinafika tisini na nne. Sasa zilipanda hadi sitini na sita, zikagoma hapo.

Na kimya! Kimya mpaka akasikia bomba la uani likidondosha. Machozi yakamlenga, msimcheke. Alitaka kukimbia amwamshe Mzee amwambie, kisha akatabasamu peke yake. La, hatamwambia. Atamtega. Aone bingwa wa masikio atachukua muda gani kugundua kwamba lidude limetiwa adabu. Alishaanza kuandaa na majibu.

Akaegemea kiti. Miezi mingi na yeye hakuwa amelala vizuri, kelele ilikuwa inamla pia. Picha inaiva yenyewe, nyumba imetulia. Usingizi ukamchukua palepale, saa kumi alasiri, mdomo wazi.

Kilichomwamsha ni kishindo cha uani.

Mzee alikuwa chini, ubavu kwenye saruji, mguu umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki. Kata ya maji ilikuwa imebiringika hadi ukutani. Ile ngazi moja ya mlango wa nyuma aliyoshuka maelfu ya mara, siku hiyo kizunguzungu kilimshikia hapo. Mchoraji alipiga yowe, majirani wakaja, wakamwinua kwa blanketi.

Nyonga imevunjika, hospitali wakasema. Umri mkubwa, presha haishuki, hawawezi kumpasua. Siku ya pili Mzee akafumbua macho yake yasiyoona, akanusa.

"Upo?"

"Nipo, baba."

"Nilikuwa na kiu. Nikasikiliza, lidude limenyamaza. Nikajua umetoka. Ulikwenda wapi?"

Mchoraji alikuwa ameshika ule mkono mkavu wenye makovu ya mikanda ya mashine. Hatua tano. Alikuwa hatua tano kutoka mlango wa Mzee, na fimbo ilikuwa palepale kitandani. Angegonga mara moja tu angeamka. Amwambie nini? Kwamba alikuwa ndani, anamtega?

"Nilikwenda dukani, baba. Nisamehe."

"Ah! Kusamehe nini?" Mzee akampapasa vidole. "Mtu hawezi kufungiwa ndani siku zote kwa ajili ya kipofu. Na ulizima mashine kabla ya kutoka, kama nilivyokufundisha. Umefanya vizuri, mwanangu."

Siku ya tatu akafariki. Alimwachia mwanawe msamaha wa safari ya dukani ambayo saa ile hakuwa ameifanya. Kosa lenyewe hakulijua, na Mchoraji hana tena wa kumwendea nalo.