Garanti Iliyoliwa

Mwenye nyumba alikuja Jumapili, tumetoka misa, bado tunakula. Tulimkaribisha kiti, akakataa. Alisimama mlangoni akaangalia sakafu, akaangalia paa, akaangalia nje kwenye tanki la maji, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kumpeleka sokoni. Kisha akasema:

"Mukule tu, mama. Nilipita kuwaambia kama hii nyumba niko na lazima nayo. Mwisho wa mwezi mutoke."

Mume wangu ni mwalimu, na adabu yake haimtoki hata akichomwa. Aliinuka, akanawa mkono, akamwuliza, "Muzee, kuko kosa tulifanya?"

"Hakuna kosa, mwalimu. Mutoto wangu anarudi kutoka Kinshasa. Hana pa kulala."

Nilijua anadanganya kabla hajafunga mdomo. Wiki ileile jirani yangu alikuwa ameniambia kwamba komisioneri mmoja, mmoja wa hawa vijana wanaotafutia watu nyumba kwa malipo, alipita na mteja sisi tukiwa kazini. Alisimama kwenye ua akinadi kama muuza dawa: sakafu ya simenti, tanki la maji, mifereji ya mvua paa zima. Jirani alidhani tunajua.

Sakafu ile niliimwaga mimi. Tulipoingia katika nyumba ile ya mbao, mtaa wa Majengo hapa Goma, chini kulikuwa na changarawe ya volkano na vumbi jeusi, na watoto wangu watatu walikuwa wakikohoa kuanzia asubuhi. Mimi nauza makayabu, samaki wa chumvi wanaotoka Vitshumbi. Kila nilipobakiza kitu kidogo, nilinunua mfuko wa simenti nikauweka chini ya kitanda, hadi ikatosha chumba kimoja, halafu cha pili. Mwenye nyumba alikuja kuona fundi akifanya kazi. Alisema, "Mama, Mungu akubariki, fanya tu." Baadaye nikanunua tanki, na mifereji ya kulijaza, kwa sababu bomba la mtaa lilitoa maji siku lilipotaka lenyewe. Aliona pia. Alibariki pia. Alikuwa anangoja nimalize.

Alipoondoka chakula kilikuwa kimepoa. Mume wangu alivuta kiti karibu, tukaanza kuhesabu kuhama kunadai nini.

Mtu ambaye hajapanga nyumba Goma anadhani kuhama ni kubeba vitanda. Mwenye nyumba mpya anadai garanti, amana ya kodi ya miezi mitatu anayopaswa kukurudishia ukitoka. Juu yake unaweka kodi ya mwezi wa kwanza. Komisioneri anakula mwezi wake. Hiyo ni kodi ya miezi mitano kabla hujalala hata usiku mmoja, na bado hujalipa wabeba mizigo, hujanunua kufuli, hujamwona shefu wa avenyu ili akuandike kwenye mtaa wake. Na tangu mji ubadilishe mikono vitani, benki zimefungwa. Mshahara wa mwalimu unafika kwa simu, ukifika, na anayekutolea pesa mkononi anakata yake kwanza. Bei ya samaki imepanda, wateja wananunua nusu samaki. Nilipomaliza kujumlisha kichwani nilisukuma sahani kando.

"Tuko na garanti yetu ya hapa," mume wangu alisema. "Miezi mitatu. Muzee akiturudishia, tunaongeza kidogo tu."

Mpango wetu wote uliegemea ukuta huo mmoja.

Komisioneri tuliyempata alikuwa na viatu safi sana kwa mtu anayetembea kwenye mawe ya Goma. Alidai pesa ya kutembeza kabla ya kutuonyesha chochote. Nyumba ya kwanza ilikuwa na watu ndani, nguo zao zimeanikwa, sufuria yao jikoni. Waliingia mwezi uliopita. Alijua. Nilimwuliza kwa nini alitupeleka, akasema, "Mama, nilitaka muone mufano." Nyumba ya pili, mwenyewe alituangalia kupitia tundu la lango.

"Batoto ngapi?"

"Batatu, mama."

"Aa. Batatu batanijazia choo." Akafunga.

Nimeuza sokoni miaka mingi, nimetukanwa na wanaume walevi na wanawake wenye wivu, lakini hakuna aliyewahi kunitukania watoto kwa sababu ya choo. Nilitaka kugonga lango lile mpaka libonyee. Mume wangu alinishika mkono, akasema twende, na mimi nikamkasirikia yeye pia, kwa sababu alikuwa karibu.

Nyumba ya tatu ilikuwa mbali, kandokando ya njia ya kupanda Kibati. Vyumba viwili, mawe kila mahali, maji ya kununua kwa bidoni, dumu moja moja. Lakini mama mwenye nyumba hakutuuliza hesabu ya watoto. Alikubali tuweke kodi ya mwezi mmoja palepale na garanti siku ya kuingia. Noti moja ya dola ishirini aliirudisha kwa sababu ya mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto. "Hii sokoni hawaichukui," alisema, na hakuwa anasema uongo. Niliipeleka kwa mbadilisha fedha, akanipa nyingine nzima na kukata dola tatu. Dola tatu kwa mpasuko ambao sikuupasua mimi.

Tukarudi Majengo kudai kilicho chetu.

Mwenye nyumba alitupokea barazani kwake. Mume wangu alianza na salamu ndefu, habari ya nyumbani, habari ya mgongo, hadi nikatamani kumkanyaga. Mwishowe akafika.

"Muzee, tulipata pa kuhamia. Tunaomba ile garanti yetu."

"Garanti gani, mwalimu? Ile iliisha."

"Iliisha namna gani?"

"Mbao za jikoni zimekuwa nyeusi na moshi. Choo kimejaa. Rangi ya mlango imetoka. Nikitengeneza byote, ninyi ndio munabakia na deni yangu."

Nikamkatiza. "Na simenti, muzee? Na tanki?"

Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Ile simenti, mama, nani alikutuma? Uliweka kwangu bila karatasi. Mutu wa kupanga hana kitu kwa nyumba ya mwingine."

Sijui nilisema nini baada ya hapo. Mume wangu anasema nilisema kwa Mashi, lugha ya kwetu upande wa Bukavu, na kwamba ni bora muzee hakuielewa. Najua tu kwamba watu walitoka kwenye nyumba za jirani, na kwamba tuliishia kwa shefu wa avenyu, mzee mwenye sauti ndogo anayesikiliza kesi za mtaa akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Shefu alitusikiliza wote. Alimwuliza mwenye nyumba kama alipokea garanti, akakubali. Alimwuliza kama aliona simenti ikimwagwa, akakubali. Kisha akatoa neno lake: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi, kinachofunguka ni cha aliyekifunga. Habari ya garanti tukaelewane kindugu.

Kindugu! Nilitoka pale bila kuaga. Lakini nilikuwa nimesikia neno moja vizuri. Kinachofunguka.

Siku ya kuhama tulikodi chukudu mbili, zile baiskeli kubwa za mbao za kubebea mizigo. Wakati wenye chukudu wakifunga magodoro, mimi niliazima ngazi na bisibisi. Nilipanda paani mwenyewe nikafungua mifereji yote, kipande kwa kipande, nikiitupa chini kwenye mawe kwa makusudi, ili ipige kelele. Nilifungua mlango wa choo, kwa sababu niliutengenezesha mimi. Nikalifungulia tanki bomba, maji ya mvua yakatiririka uani hadi barabarani, na akina mama wa mtaa wakaja mbio na mabeseni kuyakinga. Nilitafuta nyundo pia. Nasema ukweli: nilitaka kupasua sakafu. Nilipiga mara moja, pembeni mwa mlango, na simenti haikupasuka. Nilikuwa nimeiweka vizuri mno.

Ndipo akaingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yake mwenye nyumba na komisioneri wake, si yule wetu. Huyu hakuwa mtoto wa muzee anayerudi kutoka Kinshasa. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, muuza maharage, na alikuja na pesa yake ya mwisho kumalizia garanti. Aliangalia paa, akaangalia tanki tupu nililolilaza ubavu.

"Mama, samahani," aliniambia. "Hii tanki si ya nyumba?"

"Ni yangu, dada. Na mifereji, yangu. Na hii sakafu unakanyaga, yangu. Huyu muzee alikula garanti yetu, na wewe utafika siku yako."

"Usimusikilize," mwenye nyumba alisema. "Ni mutu wa fujo."

Lakini yule mwanamke hakuwa wa kuambiwa asisikilize. Alimgeukia komisioneri. "Uliniambia nyumba iko na maji. Uliniongezea bei juu ya maji. Yako wapi?" Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Muzee, garanti ya mwezi mmoja nilikuwekea. Ya miezi mbili niko nayo hapa. Kama tanki inaenda, na mimi ninaenda, na unirudishie yangu."

Mtu alikimbia kumwita shefu. Safari hii alikuja haraka, maana ua ulikuwa umejaa. Mwenye nyumba alipaza sauti, akaapa, akataja marehemu mama yake. Muuza maharage alikaa juu ya gunia langu la nguo na kunyonyesha mtoto, akingoja. Mwishowe ni yeye aliyetoa njia: pesa ya miezi miwili iliyo mkononi mwake anipe mimi, mbele ya shefu, iwe ni garanti yangu inarudi, mimi niache tanki na mifereji, na muzee aandike kwamba amepokea garanti yake yote ya miezi mitatu.

"Na mwezi wangu wa tatu?" niliuliza.

Shefu alikuwa amekwisha kumpa muzee karatasi, naye akaandika akinung'unika. Mume wangu alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku hizo zote niliona naye amekasirika, macho mekundu, mdomo umekazwa. Chukudu zilikuwa zimepakiwa. Mama wa njia ya Kibati alikuwa anangoja garanti yake siku hiyohiyo.

Nilichukua. Nilihesabu noti mbele ya muuza maharage, nikizigeuza moja moja kutafuta mipasuko, na mbili nilizirudisha, akanipa nyingine. Mwezi mmoja wa garanti, simenti, tanki na mifereji vilibaki kwa muzee yule, na alitoka uani akitangaza kwamba mimi ndiye mwizi.

Muuza maharage alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwambia asiweke hata msumari bila karatasi. Alisema, "Nitakumbuka, mama." Hakusema asante, wala mimi sikuitaka. Alikuwa amejiokoa mwenyewe, na mimi nilipata kilichodondoka.

Mvua ilitukuta njiani. Wenye chukudu walisimama penye mawe makubwa wakadai nyongeza, nikawapa, maana wao ndio pekee waliokuwa wanasukuma kitu. Tulipofika, garanti yetu ilipungua mwezi mmoja, na mama mwenye nyumba alikubali tuumalizie kidogo kidogo, kwa nyongeza ambayo nilikuja kuilipa kwa samaki. Watoto walikula mkate na parachichi wamekaa juu ya godoro lililolowa. Mume wangu alisema walau tumefika wote wazima. Nilimwambia anyamaze, tafadhali, anyamaze kidogo tu. Akachukua bidoni mbili, akatoka kutafuta wanakouza maji.