Usizibe Ukuta Wakati wa Masika

Nakumbuka siku ukuta wa chumba cha mama ulipoanguka pale Chamazi, mwanangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa binti tu, sijaolewa, na nyumba yetu ilikuwa ya tofali za udongo.

Kaka yangu mkubwa alitaka bafu la ndani. Sawa. Lakini kulianza bafu lenyewe wakati wa masika, uani tope mpaka kwenye vifundo, eti kwa sababu fundi kapatikana! Fundi mwenyewe mtu wa haraka haraka. Ile tepu nyeupe ya kuzungushia meno ya bomba kaizungusha kinyume, alipokaza ikajivuta yote ikatoka. Hakujali. Kafukia bomba ukutani, kapiga plasta siku hiyohiyo, hata maji hajayafungulia kujaribu. Akaenda zake.

Ukuta ukaanza kulowa. Kitanda cha mama kilikuwa upande wa pili, akawa analalamika kila asubuhi. Kaka akamjibu, "Mama nawe! Si mvua hii? Mtaa mzima umelowa."

"Mvua gani inanyesha ndani ya ukuta?" mama akauliza. Tukacheka. Jamani, tulicheka!

Ukuta ukamwangukia kitandani. Alipona, lakini nyonga ilivunjika, hakutembea tena bila kushikwa mkono. Kwenye kifusi tukaona ungio la bomba, tepu imejikusanya pembeni, maji yanachuruzika. Kaka akalia pale kama mtoto.

"Usinililie," mama akamwambia. "Nilisema, hukunisikia."

Sasa wewe unanipigia simu toka Bunju, unachekelea, eti wiki ijayo fundi anafunga mabomba na kupiga plasta, na mvua ndiyo kwanza zimeanza. Na mkeo analala na kichanga chumba cha upande wa pili wa ukuta huo! Una wazimu wewe? Hivi nilikuzaa ili unirudishe kulekule?

Subiri kiangazi, mwanangu. Tepu izungushwe upande uleule wa kukazia, na wewe usimame hapo uone. Maji yafunguliwe, bomba likeshe halijafukiwa, uziguse mwenyewe sehemu zote zilipoungwa. Zikiwa kavu, ndipo uzibe. Kiangazi ukuta ukilowa, hakuna atakayeisingizia mvua. Na mkeo akikwambia kuna unyevu, usimjibu kitu. Inuka ukaguse.

Haya, nimemaliza kufoka. Mungu akujaalie nyumba kavu, akukuzie huyo mtoto, na akupe masikio ya kumsikia mama yake.