Kioo Kinauzwa Kama Kinavyoonekana Pichani

Mwanamke aliyeshinda mnada wangu alipanda ngazi hamsini na mbili kuja kuchukua kioo. Alipofika, hata hakukitazama.

"Sijafuata kioo," akasema. "Nimemfuata aliyemo ndani."

Jamani, niliishiwa pozi.

Naitwa Nélida, naishi Montevideo, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Mume wangu Wáshington anaendesha lori la magogo, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Nyumba ni ya mama yake, Etelvina. Magoti yalimgomea, na mara ya mwisho kushuka barabarani ilikuwa mwaka juzi.

Kumwogesha mimi, kumpikia mimi. Nikitoka zaidi ya saa moja, roho juu juu. Nilijiona mfungwa, na yeye ndiye nyapara wangu. Nilimchukia, nasema ukweli.

Kilichonipa pumzi ni biashara. Jumapili nilikimbilia gulioni, nanunua vikombe vya kale na saa mbovu, naviweka kwenye mnada wa mtandaoni. Watu wanapandisha dau, mimi nafungasha. Hiyo pesa ilikuwa yangu, simwombi mtu.

Hali ya mama mkwe ilipozidi kuwa mbaya, gulioni nikashindwa kwenda. Wateja nao hawaachi kuuliza, "Nélida, wiki hii una nini?"

Nikageuza macho ndani ya nyumba.

Nilianza na seti ya vijiko. Ikafuata taa ya shaba. Kisha redio.

"Redio iko wapi, binti?"

"Nimeipeleka kwa fundi, mama."

"Na taa?"

"Iko kwa fundi huyo huyo."

Akavuta chai yake ya yerba kwa mrija wa chuma.

Hapo nikawa nimenasa. Kurudisha siwezi, kukiri siwezi. Akimnong'oneza tu mwanawe, ndoa yangu imekwisha. Kila Wáshington alipopiga simu kuongea naye, nilisimama pembeni kusikiliza.

Na bado nikauza kioo.

Sasa, kuuza kioo mtandaoni ni kazi. Ukikipiga picha, unatokea wewe na gauni lako la kulalia. Nikajibanza mlangoni, nikavizia mama anasinzia kwenye kiti, nikapiga picha chap chap na kuipandisha mtandaoni bila kuikagua. Chini nikaandika maneno yangu ya kila siku: "Kinauzwa kama kinavyoonekana pichani."

Dau lilipanda mpaka nikaogopa. Mtu mmoja wa Tacuarembó, mji wa mbali kaskazini, hakukubali kushindwa kabisa.

Nikamwambia nitamtumia, akakataa. Nikamwambia tukutane kituo cha mabasi, akakataa.

"Nipe anwani. Nakuja mwenyewe."

Nikikataa, angenilalamikia na akaunti yangu ingefungwa. Nikampangia saa nane mchana, mama akiwa amelala.

Ndipo akaja, bibi mfupi wa nywele nyeupe, na wanaume wawili wa miraba minne nyuma yake.

"Sema taratibu, shangazi, ndani kuna mgonjwa," nikanong'ona.

"Mgonjwa yupi? Huyu?"

Akanionyesha simu yake. Ilikuwa picha yangu mwenyewe. Ndani ya kioo, kwenye kona, mama mkwe ameketi wima, anaitazama kamera.

Hakuwa amesinzia hata kidogo.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Mimi ni Delmira. Mama yetu alipofariki tuligombania kioo hiki, hatujasemeshana miaka kumi na minane. Aliniambia amekiuza, nami nimekisaka kwenye minada mpaka macho yakachoka. Siku nakipata, namkuta yeye yumo."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama mkwe alikuwa amevaa koti. Begi liko miguuni.

"Umechelewa, Delmira."

"Na wewe umezeeka."

"Mdomo wako bado mchafu vile vile!"

Wakakumbatiana, wakalia. Mimi natafuta pa kujificha.

Kisha mama mkwe akanigeukia.

"Fundi gani huyo, Nélida? Miezi minane hajarudisha hata kijiko."

Nikasogea nyuma ya kioo.

"Nilikuona kila siku ukivipiga picha vitu vyangu. Siku ya kioo nikasogeza kiti. Nilijua dada yangu hajaacha kukitafuta. Na ulipompangia mteja saa kwenye simu, nilisikia."

"Mama, si ungeniambia tu nimtafute?"

"Ungesikia? Miezi yote hiyo unaangalia vitu. Mimi hujaniangalia."

"Utamwambia Wáshington?"

"Utamwambia mwenyewe."

Wale wanaume wakamketisha kwenye kiti, wakambeba aende kuishi kwa dada yake. Delmira kioo hakukigusa. Alisema kimewagombanisha vya kutosha.

Kwenye kona ya ngazi mama akawasimamisha.

"Binti," akaniita. "Ungeniomba, ningekupa vyote."

Wakashuka naye.

Nilikuwa huru. Ningeweza kutoka muda wowote nitakao. Nilikaa sakafuni, nikashindwa hata kufunga mlango.

Jioni nikampigia mume wangu, nikamweleza kila kitu. Nilisubiri matusi. Nilisubiri talaka. Akauliza jambo moja tu.

"Mama alikula kabla ya kuondoka?"

Sikujua. Sahani nilimpelekea mwenyewe mchana ule, na sikujua.

Nawaambia wenzangu mnaohudumia wazee: kumlisha mtu na kumwona ni vitu viwili. Kama umechoka, sema umechoka. Kama una shida, omba. Mimi niliona rahisi zaidi kumwibia kuliko kukaa naye dakika tano tuongee.