Makofi ya Bibi kwa Mwami

Jumamosi, kwenye ukumbi wa parokia hapa Rumonge, vijana waliigiza kisa cha mwami, yaani mfalme, mkali. Mwami alikuwa fundi cherehani wa sokoni, kajifunga pazia jekundu. Alipomhukumu mvuvi kifo kwa kuficha samaki, sisi vijana tuliokuwa tukitazama tulimzomea na kumpigia miluzi. Fundi akanogewa, akamhukumu na mke wa mvuvi.

Hapo bibi aliyekaa mbele yangu akaanza kupiga makofi, taratibu, kichwa kakiinamisha.

"Bibi, unamushangilia muuaji?" kijana mmoja akamuuliza.

"Nani anashangilia? Nawaombea hawa watoto! Zamani mwami aliombwa huruma kwa makofi hivi. Nyinyi na filimbi zenu munamuongezea hasira tu."

Akaendelea, na wazee wengine wakamfuata. Fundi akababaika, maana hakuandikiwa neno la kujibu makofi ya namna ile. Mwalimu aliyetunga igizo akanong'ona kwa nguvu kutoka nyuma: "Ua! Ua!"

"Prof, naua vipi mutu ameombewa?" mwami akajibu, sote tukisikia. Akamgeukia mvuvi. "Genda amahoro, nenda kwa amani, wewe na muke wako."

Igizo likaishia hapo, nusu nzima ikiwa haijachezwa. Yule kijana akalalamika kwamba tumemtukuza dikteta.

"Mimi sikumutazama mwami," bibi akasema, akimwonyesha mvuvi aliyesimama mlangoni akila ndizi. "Nilimutazama huyu."

Miluzi yetu sote, nakiri, ilikuwa inamtazama mwami.