Tajiri Mdogo

Habari ya sheria mpya tuliletewa na Ami, na Ami aliipata kwenye redio ya gari. Yeye ni dereva wa kampuni, mtu wa Unguja, na tunamwita Ami kwa sababu umri wake unatosha kuwa mdogo wa baba zetu, na kwa sababu usipomwita hivyo anajifanya hakusikii. Anaishi na mkewe ghorofa ya chini yetu, hapa Al Mansoura, mtaa wa Doha. Kila Ijumaa baada ya sala mkewe hupika pilau, nasi wa juu hushuka na bakuli la kachumbari. Sisi wa juu ni mimi, mtu wa Morogoro, na mwenzangu wa chumba, Mkenya wa Kisii, ambaye namwita Dada kwa kuwa amenizidi umri na hanipi nafasi ya kulisahau hilo.

Ami ndiye mtaalamu wetu wa Kiarabu. Alikianza utotoni katika chuo cha Kurani, kwenye ubao, akakimalizia kwenye foleni za magari za Doha. Katika jengo letu hakuna Mswahili anayemzidi, kwa hiyo hakuna wa kumkosoa. Ijumaa ile hakungoja hata sahani zifike.

"Wanatunga sheria," alisema. "N'meisikia leo kwa masikio yangu haya. Sheria ya bidhaa na watu kutoka nchi zetu hizi zinazojikongoja. Tajiri akileta bidhaa atapunguziwa ushuru, na atapewa kibali cha kukaa kwa jina lake mwenyewe. Hana haja ya kafili."

Kafili ni yule anayekudhamini, mara nyingi mwajiri wako, ambaye karatasi zako za kukaa huku zinamtegemea. Niliona Dada ameacha kukamua limau.

"Tajiri peke yake?" aliuliza.

"Tajiri. Lakini na tajiri mdogo pia wamemtaja. *Tajir saghir*. Wamelirudia sana hilo, wallahi."

"Ati tajiri mdogo! Sasa huyo ni nani? Ako na jumba moja badala ya matatu?"

Tulicheka mpaka mke wa Ami akatuonya tusipaliwe na wali. Tangu siku hiyo jengo zima likapata utani. Aliyenunua kuku mzima aliitwa tajiri mdogo. Aliyepanda teksi badala ya basi aliitwa tajiri mdogo. Mimi nilipobadilisha kioo cha simu kilichopasuka niliitwa hivyo wiki nzima.

Lakini chini ya kicheko nilikuwa nimechukia, na mimi nikichukia sifichi. Nilimwambia Ami kwamba dunia ni ile ile. Kwetu wanatunga sheria za wenye nacho, na huku nako wanatunga za wenye nacho wanaotoka kwetu. Wote tuliokaa kwenye ule mkeka tunasoma Kiingereza. Yeyote angeweza kutoa simu mfukoni na kuitafuta hiyo sheria. Hakuna aliyehangaika, kwa sababu ukishaambiwa jambo ni la matajiri unaendelea na pilau yako.

Aliyehitaji sheria hiyo kuliko sisi sote alikuwa Dada.

Kazi yake ni kuhudumia wagonjwa majumbani, akiwa chini ya kampuni. Kwa miaka mingi gari la kampuni lilimpeleka Umm Salal kila asubuhi kwa bibi mmoja mwenyeji, mkubwa wa familia nzima, aliyekuwa ameugua na kukataa chakula. Walimjaribu kwa supu na mtindi, akafunga mdomo. Siku moja Dada akampikia uji wa wimbi, wa unga aliofungiwa na mdogo wake kutoka Kisii, akautia tende zilizopondwa badala ya sukari. Bibi akamaliza kikombe. Kesho yake akaudai kwa jina, "wembi", na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Basi mabinti wa yule bibi wakataka unga. Wakafuata majirani zao. Halafu manesi wa Kikenya wenye watoto wachanga, halafu watu wa kanisani kwa Dada. Kila mtu wa kwao aliyekwenda likizo alirudi na wimbi ndani ya sanduku, katikati ya nguo. Mdogo wake Dada ana kinu cha kusagia, na akina mama wa pale kijijini, walipoona unga unavuka hadi Uarabuni, walipanua mashamba. Chumba chetu kilinukia wimbi kila pembe. Nilikuwa nimelala juu ya biashara ya mtu bila kujua kwamba ni biashara, maana nusu ya mifuko ilikaa chini ya kitanda changu.

Sasa bibi alikuwa anahamishwa. Binti yake mkubwa anaishi nchi nyingine na alitaka kumlea mama mwenyewe. Kampuni ikamwambia Dada kwamba mkataba unaisha, mgonjwa mwingine hayupo, na ni vizuri aanze kujiandaa kurudi nyumbani.

Aliniambia tukiwa tunaanika nguo. Hakulia. Alisema nyumbani si pabaya, ana ndugu, hatakosa pa kulala.

"Lakini wewe fikiria," akasema. "Hapa niko kwa jina la kampuni. Nikirudi nitakuwa kwa jina la ndugu zangu. Na wale akina mama walishapanda wimbi kwa sababu yangu. Mimi nataka tu mahali pamoja, hata pawe padogo aje, niandikwe mimi."

Nilimpa vibanio vya nguo.

Ijumaa nyingine tulikosa nyanya za kachumbari, tukaingia na Ami kwenye bakala la jirani, duka la bwana mmoja wa Kerala. Duka lenyewe ni la kuingia kwa zamu. Feni yake ilikuwa imekufa tangu Ramadhani, na mwenyewe alikuwa anajipepea na kipande cha boksi. Dada huwa hanunui kitu bila kupigania bei, hata kama ni kiberiti. Alimbana yule bwana mpaka akapiga kifua chake, akalalamika kwa kile Kiarabu cha dukani tunachokizungumza sote:

"Mama, *ana tajir saghir! Mafi kabir!*"

Ami aliinama kwa kucheka. "Mmemsikia? Eti yeye tajiri mdogo, si mkubwa! Na feni imemshinda!"

Nami nikacheka. Dada hakucheka. Alibaki ameshika nyanya.

"Ami, huyu amesema yeye ni nani?"

"Tajiri mdogo, mwanangu."

"Na ni tajiri?"

Ami akalitazama duka. Akatazama gunia la vitunguu, mzani, makopo ya maziwa yenye vumbi. "Tajiri wapi, masikini. Huyu muuza du..." Neno likamkatikia mdomoni.

Dada alimgeukia mwenye duka, akamuuliza kwa Kiingereza *tajir* ni mtu gani. Yule bwana alitushangaa sote watatu. Akaonyesha vitunguu, akaonyesha mzani, akajionyesha mwenyewe. Ni mtu anayenunua na kuuza, alisema. Mfanyabiashara.

Ami akavua kofia yake, akajifunika nayo uso. "Tijara," alisema ndani ya kofia. "Ya Rabbi, tijara, biashara. Neno n'nalo tangu mtoto."

Nimelifikiria sana baadaye. Wafanyabiashara waliotuletea neno hilo zamani walikuwa watu wa mali, na sisi tuliokuwa tunawatazama hatukuona kazi yao, tuliona mali. Basi neno likahama taratibu kutoka kwenye kazi likaingia kwenye mfuko, na huko limekaa mpaka leo. Sheria iliyomtaja muuza vitunguu sisi tukaisikia inamtaja mwenye majumba.

Niliitafuta palepale, mlangoni kwa bakala, jua likinichoma kisogo. Ilikuwa bado rasimu tu, pendekezo. Ilihusu wafanyabiashara wadogo wanaoingiza mazao kutoka nchi zinazoendelea, na vibali vyao vya kukaa. Na kabla haijapelekwa mbele, watu walialikwa kutoa maoni kwenye kikao cha wazi wiki iliyofuata, katika ukumbi wa hoteli moja huko Al Sadd. Niliposoma jina la hoteli nilikaa chini kwenye kreti la soda. Ni hoteli ninayofanya kazi. Nilikuwa nimeshapangiwa siku ile kuweka viti na kumimina kahawa.

"Naenda," alisema Dada. Kufika ngazi za jengo letu alikuwa ameshaogopa. "Nitaenda kusema nini kwa wanaume wenye makontena? Wataniuliza kampuni yangu."

Nilimwambia asipokuja nitamwaga wimbi lote chini ya kitanda changu nimfagilishe. Ami akasema gari lipo, na dereva yupo, na dereva mwenyewe ana deni la kulipa kwa ajili ya masikio yake.

Asubuhi ya kikao niliweka viti kama nilivyoagizwa, kisha nikaongeza kimoja, mstari wa mbele, pembeni, karibu na nguzo. Msimamizi wangu hakukiona. Dada aliingia akiwa na gauni lake la bluu la kanisani na mkoba mkubwa. Alipoanza kuelekea nyuma kabisa ya ukumbi, nilimshika kiwiko, na birika la kahawa mkono wa pili, nikamketisha nilipotaka mimi. Ami alisimama mlangoni na madereva wenzake.

Waliotangulia kusema walijitambulisha kwa kampuni zao. Mmoja anaingiza nyama, mwingine chai, mwingine maua. Walisema vizuri, kwa takwimu na kwa kujiamini. Kipaza sauti kilikuwa kinakuja, kiti kwa kiti. Mwenyekiti wa kikao, mzee wa kanzu nyeupe, mpole wa sauti, alimwuliza Dada kwa Kiarabu, kisha akarudia kwa Kiingereza, kwamba anawakilisha kampuni gani.

Dada alisimama, ameukumbatia mkoba, kichwa ameinamisha. Nilikuwa namimina kahawa kwenye kikombe cha mtu, nikaacha. Kampuni aliyokuwa nayo ni ile inayomrudisha nyumbani. Angeitaja, angekuwa mhudumu wa wagonjwa aliyepotea njia. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kujiogopea mwenyewe.

Akanyanyua kichwa.

"*Ana tajira*," alisema, akalipa neno umbo lake la kike. "*Tajira saghira.*"

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Akasema karibu, akamwuliza anauza nini.

Hapo Dada alifungua mkoba, na hofu ikamwisha. Alitoa mfuko wa unga, akaeleza wimbi ni nini, nani analima, nani anasaga. Alieleza habari za bibi wa Umm Salal bila kumtaja jina. Mfuko ulipita mkono kwa mkono. Mwingiza nyama aliunusa akauliza unapikwaje, na mtu mwingine wa kanzu akasema mama yake naye amekataa chakula. Kisha Dada akasema neno lililomleta. Rasimu ilivyo, alisema, inahesabu mzigo kuanzia kontena. Akina mama wa kwao hawajazi kontena. Wanajaza magunia.

"Naomba mzigo mdogo nao uitwe mzigo," alisema. "Na naomba kujua, hicho kibali kitaandikwa jina la nani?"

Mwenyekiti alimgeukia karani, akamwambia aandike hilo la magunia kama lilivyosemwa. Kuhusu kibali, alijibu kwamba kwa sasa rasimu inasema jina la mfanyabiashara mwenyewe. Hakuahidi kwamba itapita hivyo. Alisema maneno yake yamepokelewa, akamshukuru, na kipaza sauti kikaenda kwa mwingine. Mlangoni Ami alikuwa anajifuta macho na kofia ile ile, anawaambia madereva ni vumbi.

Ninapoandika haya sheria bado haijapita. Inaweza kupita, inaweza kubadilishwa, inaweza kukaa kabatini, na mimi si mtu wa kuamini makabati. Lakini kampuni ilimpatia Dada mgonjwa mwingine, huko Al Sadd, kwa hiyo bado yupo. Mwingiza chai alimpigia simu kuulizia unga. Mifuko imehama kutoka chini ya kitanda changu imeenda kwenye kijistoo cha mke wa Ami, na mimi naamini itapata pa kwenda zaidi ya hapo. Naamini kabisa, na naona raha kuamini.

Jioni ya siku ile ya kikao Dada alimpigia simu mdogo wake. Alikuwa amekaa kitandani, bado na gauni la bluu, viatu amevua. Walizungumza Kikisii, na Kikisii mimi sijui hata salamu. Nilikuwa nakunja sare yangu. Nilisikia yule mdogo akiuliza jambo, na nyuma yake sauti za akina mama na mngurumo wa kinu. Mtu akazima kinu. Dada akajibu, na katikati ya jibu lake nikalisikia neno moja ninalolijua: tajiri.

Upande wa pili walipiga kelele wote kwa pamoja. Kukawa na vicheko, na mmoja akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Nilingoja Dada awaeleze kwamba kwa Kiarabu neno hilo lina maana nyingine. Hakuwaeleza, na mimi sikumkumbusha.