Wifi Yangu na Gayogayo Waliogeuzwa

Gayogayo ni samaki mdogo, bapa kama kandambili. Hulala chini kabisa, amejifukia mchangani na rangi yake ni ya mchanga huohuo. Macho yote mawili yako upande mmoja, juu. Utamkanyaga hujamwona, ila yeye kakuona zamani. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ndivyo alivyo.

Alipoachika alirudi kwa mama yake, nyumba hiyohiyo ninayoishi mimi. Nikamkaribisha kwenye meza yangu sokoni, nikamfundisha kuparua magamba na kutoa matumbo. Sauti hana. Ukimuuliza jambo anatabasamu. Wenzetu wakamwita Bi Taratibu, wakampenda. Mimi nilijiuliza: mtu asiyefungua kinywa, vipi anajua kila mteja wangu anakaa wapi?

Kisha wateja wakaanza kunirudishia samaki. "Mama, huyu ananuka!" Na wifi pembeni: "Poleni jamani." Msimamizi wa soko akanionya: nikirudishiwa tena, meza anapewa wifi. Sina shule, sina mume. Meza ile ndiyo mume wangu.

Asubuhi moja nilipanga gayogayo, nikaenda kuchota maji. Niliporudi nilisimama kama mti. Mimi huwalaza tumbo juu, ule upande mweupe usio na macho, maana akianza kuharibika, weupe ndio unaotangulia kugeuka manjano. Baadhi yao sasa walikuwa wamelala macho juu, kama baharini, wala hawakuwa wale niliowapanga. Wifi ndiye anayewalaza hivyo.

"Wifi, nani kagusa samaki wangu?"

"Labda paka."

"Paka wa kuleta samaki badala ya kula? Nionyeshe nimfuge!"

Muuza vitunguu wa meza ya jirani alicheka mpaka akashika mbavu. Nikamwita msimamizi, nikawageuza samaki wale mbele yake. Manjano tupu. Wangu tuliwakuta kwenye ndoo ya wifi, chini ya gunia, weupe kama pamba.

"Kama ulitaka meza, si ungeomba?" nikamuuliza.

"Ungenipa?" Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

Msimamizi akamtoa sokoni. Jioni nilikuta mama mkwe kaisukuma sahani yangu. "Umemwaibisha mwanangu kwa ajili ya samaki."

Bado tunaishi pamoja, watatu. Napika peke yangu, na sufuria naifungia chumbani.